Nundu ya Msemaji

Garsen, 20 Aprili 2024

Mwanangu Jibril,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila maji. Mto umefura tangu juma lililopita na barabara ya Lamu imekatika tena. Mabasi yamelala hapa stendi, abiria hawana la kufanya ila kunywa maziwa yangu, basi hiyo nayo ni riziki. Goti bado linanisumbua. Nimo, binti yangu, ndiye anayeipiga picha barua hii na kukutumia kwa simu. Usiniambie nikutumie sauti. Sauti za simu hufunguliwa mbele ya watu, kila mtu akasikia kilio cha mwenzake. Barua mtu huisoma peke yake, na mambo haya nataka uyasome peke yako.

Kadra hajambo? Amejifungua? Usinifiche. Mama yako hayupo, Mungu amrehemu, na mimi ndiye dada yake mkubwa, kwa hiyo mtoto wako ni mjukuu wangu hata akizaliwa huko Mogadishu.

Sasa nikwambie. Mwanangu Diba hatukula naye Idi. Yuko rumande tangu Februari. Watu wenye bunduki walivamia kundi la mchuuzi mmoja karibu na Minjila, wakampiga mchungaji risasi ya mguu, wakaondoka na ng'ombe. Kesho yake asubuhi Diba akasikia kengele vichakani, akakuta mitamba wawili wanatangatanga. Akawaswaga kuwaleta sokoni watangazwe, vile tunavyofanya siku zote kwa mnyama aliyepotea. Kumbe walikuwa wa kundi lile lililoibwa, polisi wakamkamata hapo hapo njiani. Wameandika wizi wa mabavu. Jibril, nimeulizia hukumu ya kosa hilo, na mkono unakataa kuiandika. Wewe unaijua.

Mzee Dukicha alikuja na wazee wa ukoo, wakasema watachanga, waajiri wakili kutoka Malindi. Nikawaambia, ahsanteni, rudini na mkono wenu, wakili wangu nimemlea mwenyewe kwa maziwa yangu. Maana nilikuwa nimesikia redioni kwamba Somalia imeshaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, mambo yamekamilika. Wallahi nilipiga kigelegele peke yangu jikoni! Desturi unaijua. Babu yako mzaa baba alipofika kwetu, mgeni asiye na ng'ombe hata mmoja, wazee walichinja fahali, akala nyama pamoja nao, na siku ile ile akasimama barazani kumsemea mtu. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Sasa nchi yako imepokelewa. Njoo umsemee ndugu yako.

Kesi ni tarehe 11 Juni, hapa hapa Garsen. Nina fahali mweusi nimemtenga. Diba akitoka tunachinja, na nundu, kama kawaida, ni ya msemaji. Ni yako hiyo, na asiiguse mtu.

Mama yako mkubwa,
Darmi


Mogadishu, 17 Mei 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Salamu zako zimetufikia na zimetufariji. Kadra alijifungua salama siku tano baada ya barua yako, mtoto wa kiume. Tumemwita Nuh. Kadra anadai ni jina la babu yake, lakini mimi nadhani ni kwa ajili ya mafuriko yenu. Analia kwa sauti ya mnadani. Goti lipake mafuta ya simsim ya moto, na usichutame muda mrefu ukikama.

Habari ya Diba imeninyima usingizi. Mwambie asitie sahihi karatasi yoyote, na asimweleze mtu kisa chake humo rumande hata akionekana rafiki.

Huku mji umejaa watu wa Nairobi. Kila hoteli ina wakili aliyevaa suti, anatafuta mabenki, makampuni ya simu, watu wa bandari. Jumuiya imewafungulia mlango. Wateja wangu wakubwa wameshahamia kwao. Sisi tulisomea sheria za Kisomali na vitabu vilivyoachwa na Wataliano, na sasa kila mkataba unatakiwa kwa Kiingereza, tena kwa mtindo wao. Ila hawawezi kufungua ofisi bila wakili wa hapa mwenye leseni kuweka jina lake. Mwezi huu tulikutana mawakili wote wa mji. Mimi ndiye niliyesimama nikasema tusimwazime mtu jina, mpaka na sisi turuhusiwe kusimama katika mahakama zao. Tukaapa, kila mtu mkono kwenye msahafu. Wazee wa kazi walinikumbatia.

Hilo la kuja nalishughulikia. Inshallah.

Mwanao,
Jibril


Garsen, 13 Juni 2024

Mwanangu Jibril,

Hongera, hongera sana, baba Nuh! Nimegawa maziwa bure stendi nzima. Makondakta wanauliza leo kuna nini, nawaambia nina mjukuu mwenye sauti ya mnadani. Maji yameshuka, yametuachia matope na mbu. Goti nimelipaka simsim, limepoa kidogo, lakini kuchutama siachi, ng'ombe hakamwi kwa kusimama.

Juzi tulikuwa kortini. Nilivaa buibui yangu ya harusi ya Nimo. Jina la Diba likaitwa, hakimu akauliza kama ana wakili. Nikasimama bila kuitwa nikasema, yuko njiani, bwana mkubwa, anatoka Mogadishu, ni mtoto wetu. Watu wakacheka nyuma. Hakimu hakucheka, ni mtu wa adabu, akaahirisha hadi tarehe 13 Agosti.

Diba amekonda, Jibril. Shingo imekuwa kama ya ndama aliyekosa mama. Tulipewa muda mfupi tu wa kuzungumza, na yeye badala ya kuniuliza chakula ananiuliza, "Jibril atavaa lile joho jeusi?" Nikamwambia atalivaa, tena litafagia chini.

Barua yako nimeirudia mara nyingi. Hiyo inshallah yako siipendi. Naijua toka utotoni. Ukitumwa kisimani ukajibu inshallah, nilikuwa nabeba ndoo naenda mwenyewe. Hebu niandikie siku ya kufika na basi utakalopanda.

Mama yako mkubwa,
Darmi


Garsen, 16 Agosti 2024

Jibril,

Salamu. Nimekuandikia Juni, Nimo akakuandikia Julai, na zile alama mbili kwenye simu zimegeuka buluu. Nimo amenifundisha maana yake. Umesoma. Unasoma na unanyamaza.

Tarehe 13 nilikaa mlangoni mwa korti nikiangalia kila gari linalotoka upande wa Garissa. Nilipoitwa ndani nilisema tena yuko njiani, na safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilinichoma zaidi. Hakimu amesema hii ni mara ya mwisho. Tarehe 22 Oktoba mashahidi wanaanza, wakili awepo asiwepo.

Mwanangu, nimekukosea nini? Kama una hasira na mimi, nipigie simu unitukane, kisha uje. Diba ni yule yule aliyekubeba mgongoni ulipokanyaga mwiba kule Idsowe. Usiponijibu nitapanda lori la ng'ombe nije huko huko, na goti langu hili.

Darmi


Mogadishu, 29 Agosti 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza habari, lakini nauliza. Nuh ameanza kukaza shingo. Kadra anakusalimu, na ni yeye aliyeniwekea kalamu mkononi akasema mwandikie leo au nitamwandikia mimi.

Siwezi kumsemea Diba.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Kenya ina sheria yake ya mawakili, na katika sheria hiyo mmeandikwa nyinyi wenyewe na majirani waliotangulia katika Jumuiya. Sisi hatumo. Bendera yetu imepandishwa Arusha, marais wamepeana mikono, lakini mimi nikisimama mbele ya hakimu wako nitaulizwa jambo moja, kisha nitaambiwa nikae. Nimeandika kila mahali. Nimewapigia watu niliowahi kukutana nao mikutanoni. Wote wananiita ndugu, wote wananiambia subiri, mazungumzo yanaendelea. Wanasema huenda ikachukua miaka. Diba hana miaka.

Utasema kitovu changu kimezikwa Garsen. Ni kweli. Lakini unakumbuka nilivyokwenda mbele ya kamati ya vitambulisho, nikaambiwa jina la baba yangu si la hapa, nirudi na wazee? Nikarudi na wazee, wakaambiwa warudi na karatasi. Baba akachoka akanileta huku. Pasipoti niliyo nayo ni ya huku, na kitambulisho cha Kenya sikuwahi kukishika mkononi.

Fahali wa Jumuiya amechinjwa, Mama, ni kweli. Nyama wamekula wakubwa. Sisi wengine hata kuruhusiwa kufungua mdomo barazani bado.

Nilinyamaza kwa sababu ulipiga kigelegele. Nimezoea kuwa yule mliyemsomesha. Niliogopa kuwa mtu wa bure kwako, na kwa uoga wangu nimempotezea Diba miezi. Nisamehe au usinisamehe, lakini leo leo nenda kwa Mzee Dukicha, waulize bado wako tayari kwa yule wakili wa Malindi.

Jibril


Garsen, 8 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mbusu Nuh shingoni kwa niaba yangu, hapo penye harufu ya maziwa.

Nilipomaliza kuisoma barua yako niliikunja nikaiweka kifuani, nikaenda kukama kama kawaida, maana ng'ombe hawajui Jumuiya. Kisha nikakaa zizini nikalia mpaka Nimo akaja kunitafuta.

Nilikwenda kwa Mzee Dukicha. Nilivua viatu mbali, nikaketi chini. Akanisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya. Akasema, "Darmi, tulinyoosha mkono wa ukoo mbele ya watu, nawe ukaurudisha mbele ya watu. Mkono uliorudishwa haunyooshwi tena kwa jambo lile lile. Sikuitunga mimi hiyo." Na kweli hakuitunga. Mimi mwenyewe niliwahi kuwasema wengine kwa desturi hiyo hiyo, nikasema wamejitakia. Nikamwomba kama dada yake. Akageuza uso, nikaona naye machozi yanamlenga, lakini hakulibadilisha neno.

Nimeuza ng'ombe wa maziwa ya watoto wa hapa nyumbani nikaenda kwa wakili wa Malindi peke yangu. Karani wake akasema kesi ya namna hii bei ya ng'ombe mmoja haifungui hata faili. Nikarudi na basi la jioni.

Sasa sikiliza. Mimi sina elimu ya kubishana na wewe. Lakini hao watu wa Nairobi wanakaa mji wako, wanakula mezani kwako, wanakuchukulia wateja, na wewe huwezi kuja kusimama nusu saa Garsen mlikozaliwa na Diba? Jumuiya gani hii ya mguu mmoja? Njoo hivyo hivyo. Simama. Wakikwambia kaa, simama tena. Au kama huwezi, niambie mimi niseme nini mbele ya hakimu, nitakariri neno kwa neno kama dua.

Diba bado sijamwambia. Nikimwambia hatakula tena. Nakuomba, Jibril. Nakuomba kwa maziwa uliyokunywa kwangu. Wataniua mtoto.

Darmi


Mogadishu, 27 Septemba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sote wazima.

Tarehe 22 Oktoba atakuja wakili kutoka Nairobi, anaitwa Ruwaida. Ana haki zote za kusimama hapo. Hutatoa chochote, wala usimpe hata nauli. Mtengee chumba chenye chandarua na umweleze kisa chote tangu Diba aliposikia kengele, usiruke kitu.

Usiniulize nimempataje. Ng'ombe uliyemuuza mrudishe, watoto wanywe.

Mwanao,
Jibril


Garsen, 6 Desemba 2024

Mwanangu Jibril,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nikuulize hali, maana safari hii ni zamu yangu kusoma unachokificha. Kadra mzima? Nuh ameota jino? Huku mvua zimekuja kwa kiasi, nyasi zipo, goti limeacha kelele kabisa. Na aliyekaa mbele yangu hapa ninapoandika, anakula wali kwa mikono miwili na kumfokea Nimo aongeze mchuzi, ni Diba.

Katoka! Juzi, Jumatano. Hakimu amesema hana kesi ya kujibu. Nilisujudu pale pale sakafuni.

Nitakueleza ilivyokuwa Oktoba. Ruwaida alifika kwa basi la Malindi, binti mdogo, viatu vyake vya mjini vikazama kwenye tope la stendi. Nikajisemea, masikini Diba, ndiyo huyu? Hata Kiorma hajui salamu. Kizimbani Diba alikuwa ananiangalia mimi, kisha mlangoni, kisha mimi tena. Alikuwa anakungoja wewe. Nilishindwa kumtazama.

Basi shahidi wa upande wa mashtaka akaingia, mmoja wa wale waliomwona Diba na mitamba wakaita polisi. Akasema yote aliyowaambia polisi. Ruwaida akasimama, akaangalia karatasi yake, akauliza, "Hao ng'ombe walikuwa na kengele shingoni?" Ndiyo, mmoja alikuwa nayo. "Kengele ilikuwa inalia, au ilikuwa imezibwa kwa nyasi?" Yule mtu akacheka, wallahi, akacheka mbele ya hakimu, akasema ilikuwa inalia, ndiyo iliyotufanya tugeuke tukamwona. Ruwaida akauliza tena, "Wewe ni mfugaji. Mwizi wa ng'ombe huacha kengele ikalia barabarani, akielekea sokoni mchana kweupe?" Wachungaji waliokaa nyuma wakaanza kunong'onezana, karani akawakemea.

Jibril, swali lile si la binti wa Nairobi. Mtu aliyekulia mjini atajuaje kwamba mwizi huiziba kengele nyasi? Lile ni swali la mtoto aliyetumwa kuchunga. Nilimwona Diba anaacha kuangalia mlango. Alikaza macho kwa Ruwaida akaanza kutabasamu, mimi nikadhani amepata wazimu.

Juzi baada ya hukumu nilimkalisha Ruwaida kwangu nikamwambia, sema. Akakataa. Nikamwambia hapa hutoki bila kusema, na maziwa yangu utayamaliza. Akasema. Kwamba maswali yote uliyaandika wewe, mkazungumza kwa simu usiku baada ya usiku mpaka akajua ng'ombe kuliko mfugaji. Nikamuuliza, na ofisi yenu imekutuma kwetu bure kwa nini? Akainama. Akasema jina lako sasa liko kwenye mlango wao huko Mogadishu, ndilo linalowapa ruhusa ya kufanya kazi. Kwamba huingii tena mahakamani, unakaa ofisini unawatafsiria mikataba. Na kwamba mawakili wenzako, wale mlioapa nao, hawakusalimii, na wazee wa kazi hupita upande wa pili wa barabara.

Nililia mbele ya mtoto wa watu. Ulimi wako, Jibril! Kazi uliyoitaka tangu unavaa kaptura. Umeutoa ili Diba apate wa kumsemea, na ukaniandikia barua ya mistari mitano, eti mtengee chumba chenye chandarua. Nimekukasirikia, na sina wa kumpiga kwa hasira hiyo. Mimi ndiye niliyekuomba kwa maziwa. Sikujua bei yake, na nikikwambia kwamba ningejua nisingekuomba, nitakuwa nakudanganya.

Jana tumechinja yule fahali mweusi. Wazee wote walikuja, hata Mzee Dukicha. Ikafika kwenye nundu, wakasema apewe Ruwaida, ndiye aliyesimama, ndiye aliyesema. Na yeye masikini alikuwa tayari ameshanyoosha sahani. Nikainuka katikati ya wanaume, mambo ambayo sijayafanya maisha yangu yote, nikawaambia habari ya kengele. Nikawauliza, mlisikia sauti ya nani pale? Kisha Mzee Dukicha akachomoa kisu chake mwenyewe, akaikata nundu nzima, akanipa mkononi. Ruwaida tulimpa paja, akashukuru sana.

Nundu nimeikata vipande nikaikaanga, nimeizamisha kwenye samli, haitaharibika. Mohamed, mchuuzi mwingine wa ng'ombe wa hapa kwetu, anapanda ndege Nairobi kuja kwenu wiki ijayo, atakuletea mkebe mkononi. Ule na Kadra. Nuh mpakeni samli yake mdomoni. Na hao wenzako wakikunyima salamu, wewe wasalimie.

Nilimwambia Diba aandike chochote hapa chini kwa mkono wake, akasema mkono umesahau kalamu. Ananiambia nikuandikie hivi tu, nisiongeze langu:

Nilikusikia.

Mama yako mkubwa,
Darmi